Mwaka Ambao Sikusumbua Mtu

Agnesi alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Sufuria kubwa ya makande ilikuwa juu ya mafiga inachemka, na ukuni mmoja mrefu ulikuwa umetokeza nje, ule ambao mama mkwe wangu alikuwa anausukuma ndani kwa mguu kadiri unavyoungua. Mama mkwe alikuwa amekwenda kuchuma mboga nyuma ya nyumba. Mtoto alikuwa hajafika miaka mitatu. Akaushika ule ukuni. Nikamwona. Watu wanielewe hapo, maana hapo ndipo uongo mwingi ulipopandwa: nilimwona. Sikuwa nimelala, sikuwa nimelewa, sikuwa nasikia sauti ya mtu yeyote kichwani. Jina lake lilikuwa tayari ndani yangu, na pamoja na jina kulikuwa na neno simama, na yote mawili yakabaki pale pale, kama ng'ombe unaowafungulia zizi asubuhi wakakutazama tu, hawatoki. Akavuta. Figa likacheza, sufuria ikalala upande, na maji ya makande yakamwagikia mkono wa kulia wa mwanangu kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Alilia. Mama mkwe akaingia mbio, mboga zikamwanguka kutoka kwenye khanga, akamnyakua, ndipo akaniona mimi kwenye kigoda changu karibu na ukuta. "Ulikuwa hapa?" akaniuliza. Nikamjibu, "Nilikuwa hapa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza wiki ile. Yalitoka taratibu, kama mtu anayejibu hodi. Majirani waliokuja walisema uso wangu haukubadilika hata kidogo, na ni kweli, haukubadilika. Ndani nilikuwa nateketea na nje nilikuwa ukuta.

Nimeanza na hilo kwa sababu mwezi uliopita Agnesi aliniuliza. Ilikuwa kwenye sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa yake, Katesh, ukumbi umepambwa vitambaa vya zambarau, muziki mkubwa mpaka viti vinatetemeka. Nilikaa mstari wa tatu pamoja na majirani waliotoka kijijini kwetu Masakta. Mshereheshaji akapaza sauti, "Sasa tunamkaribisha mama mzazi!" na wifi yangu Yustina akainuka, watu wakapiga vigelegele. Sikuinuka. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwamba itakuwa hivyo ili watu wasichanganyikiwe. Halafu shemeji yangu Daudi, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mzee wa kanisa, akashika kipaza sauti akasema familia hii imepita katika magumu, kulikuwa na ugonjwa, lakini hatukumtupa mtu, tulimbeba. Akanyoosha mkono upande wangu. Watu wakageuka. Kwenye meza ya wageni wa heshima alikaa Joakimu, aliyekuwa tabibu wa zahanati yetu miaka ile, siku hizi ana duka lake la dawa hapo mjini. Alipopita kwenda kunawa mikono akanishika bega, akacheka, "Huyu si Paulina? Sikuwaambia atatulia?" Keki ilipoanza kugawiwa, Agnesi alikuja mpaka mstari wa tatu na kipande changu. Gauni lake lilikuwa na mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi. Nilijua kwa nini. Akaniinamia sikioni, nikanusa marashi yake, akasema, "Mama, kabla sijaondoka nataka kujua kitu kimoja. Siku ile, kwa nini hukuninyanyua?" Nilimwambia nitamjibu vizuri, si kwa kelele hizi. Mimi niliishia darasa la nne. Kuandika kwangu ni kwa taabu, na nimetumia madaftari mawili. Lakini sehemu yangu naijibu hapa.

Mwaka ule ndio mkoa wetu ulikuwa unakatwa kutoka Arusha. Kila mahali watu walikuwa wanazungumza habari hiyo, kwamba sasa Babati itakuwa makao ya mkoa, kila ofisi itakuwa karibu, kila shida itasikika. Kwenye mnada nguo za mitumba zilikuwa nyingi kuliko mbuzi. Mashamba makubwa ya ngano ya serikali yalikuwa yameishiwa nguvu, na mume wangu Emanueli, aliyekuwa anapanda nyuma ya trekta tangu ujana wake, aliambiwa arudi nyumbani. Alikaa miezi miwili anatazama mikono yake, halafu akaenda Mererani kwenye machimbo. Aliniacha na Agnesi na mimba, nyumbani kwa mama yake. Mtoto wa pili alizaliwa wa kiume, akafariki siku ya tatu. Sitalieleza hilo zaidi. Baada yake ndipo nilipoanza kuwasikia wanaume wawili ndani ya ukuta wa chumba, upande wa kichwani pa kitanda, wanazungumza habari zangu kama watu wanaotathmini ndama mnadani. Miguu yake mibaya, anasema mmoja. Maziwa yake yana sumu, anasema mwenzake. Nilikimbia. Nilikimbia na khanga moja mpaka njia ya Getanuwas, wafugaji wakanishika, na Daudi akaja kunichukua kwa trela, nimefungwa kamba mikono na miguu, siku ya Jumapili, watu wanatoka kanisani. Hilo Daudi hakulisahau. Nafikiri mpaka leo anaona ile Jumapili nilimtendea yeye.

Zahanati walinichoma sindano ya makalio, ile ya kila mwezi, na vidonge juu yake. Sitakuwa mtu asiye na shukrani: ile sindano iliwafukuza wanaume wa ukutani. Wiki ya tatu walikuwa wananong'ona, ya tano wakanyamaza. Nililala. Kila mtu akasema Paulina amepona, na kanisani wakaomba sala ya shukrani mimi nikiwa nyumbani. Lakini walipoondoka wale wawili, waliondoka na vitu vyangu. Sijui namna nyingine ya kusema. Nilitaka chai, lakini kule kutaka hakukufika mkononi. Nilijua kwamba leo sijaoga, na jana sikuoga, na maji yapo kwenye ndoo hapo mlangoni, na kati yangu na ndoo kulikuwa na nafasi kama ya kutoka hapa mpaka Yaeda Chini bila njia. Mtu akinisemesha, jibu lilikuwepo, lakini kabla sijalipata yeye alikuwa ameshageuka. Vichekesho nilivielewa. Kicheko ndicho kilikuwa hakiji. Nilikuwa kama mtu aliyefungiwa chumba chenye dirisha, anawaona wote uani, anapiga kioo na hakuna anayesikia, na baada ya muda hata kupiga kioo anaacha.

Sasa sikilizeni kwa nini hakuna aliyeona. Kwetu sisi Wairaqw kulikuwa na mwiko unaoitwa metimani. Mtu aliyepatwa na msiba wa namna fulani, kama mama aliyefiwa na mtoto mchanga, alikuwa anatengwa kwa muda. Hatembelei majirani, hatoi mkono kusalimia, ana kigoda chake, ana kibuyu chake, chakula chake kinawekwa pembeni, mpaka muda wake uishe na afanyiwe mambo ya kumtoa. Wakristo wengi walikuwa wameuacha, na mchungaji alikuwa anaukemea. Mama mkwe wangu, Magdalena, aliimba kwaya kila Jumapili na mwiko aliushika kimya kimya, kama watu wengi wa umri wake. Mimi nilipotulia tu baada ya sindano, akaniwekea kigoda karibu na ukuta, kati ya magunia ya mahindi na mahali wanapofungwa ndama, akanipa kibuyu kilichokatwa nusu, akaniambia, "Sasa akili imerudi, mwanangu, tumheshimu mtoto." Nikakaa. Nilikaa vizuri kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kukaa metimani katika kijiji kile. Sikumpa mtu mkono. Sikwenda kwa jirani. Sikusema neno. Ugali na maziwa mgando vikiwekwa nilikula, visipowekwa sikuuliza. Nilikuwa nazama kisimani na wao walikuwa wanasifu jinsi ninavyokaa kimya majini.

Nilikuwa nawasikia. Jirani yetu mmoja tuliyemwita Mama Bura, mwanamke mnene wa vicheko, alikuwa anasimama upande wa pili wa ua wa minyaa na kuongea na mama mkwe bila kuingia, kwa kuwa nyumba ilikuwa na mwiko. "Paulina hajambo?" "Hajambo, yupo kwenye mambo yake." "Mbona hata kikohozi hatusikii?" "Amefunzwa kwao. Hawa wa siku hizi ukimwambia akae wiki moja anakuuliza kwa nini." Mama Bura akacheka, "Mkwe wa namna hiyo nipe mimi, bwana. Wangu anaongea kama redio, hata betri zikiisha!" Wakacheka wote wawili, na mama mkwe akasema, "Wangu simtoi." Alisema kwa kujivuna. Alikuwa ananipenda mwaka ule, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwao, mate yananitoka pembeni mwa mdomo, siyafuti, na nilikuwa mkwe mwema kuliko wote Masakta.

Kila mwezi Daudi alinipeleka zahanati. Tulikaa benchi moja mbele ya meza ya Joakimu, goti langu linagusa goti la shemeji. Joakimu alikuwa kijana mtanashati wakati ule, kalamu tatu mfukoni, hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali, ningepata pa kushika. Alifungua daftari langu la matibabu na kumtazama Daudi. "Shikamoo mzee. Huyu anaendeleaje?" "Marahaba. Anaendelea vizuri." "Anakula?" "Ukimwekea anakula." "Usingizi?" "Hiyo ndiyo kazi yake." Wakacheka kidogo. "Anasumbua?" "Aa, hasumbui. Hasumbui hata kidogo." "Safi sana." Na akaandika. Daftari hilo ninalo mpaka leo, jalada limeliwa na mende lakini ndani pako sawa. Mwezi wa kwanza ameandika: Hasumbui, aendelee. Mwezi wa pili: Hasumbui, aendelee. Miezi mingine kumi neno ni hilo hilo, kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri. Mimi nipo kwenye benchi. Ana macho. Angegeuza shingo tu angeona mwanamke aliyevaa gauni lile lile la mwezi uliopita, na doa lile lile la uji kifuani.

Na kuna siku moja lazima niiandike peke yake. Ilikuwa mwezi wa sita au wa saba wa sindano. Joakimu alisema, "Mzee, huyu kwa kuwa ametulia, naona tumpunguzie dawa kidogo, tumwangalie." Nilisikia. Kitu kiliruka ndani yangu, kidogo, kama samaki. Daudi akasema, "Usipunguze, daktari. Bora uongeze. Sisi hatuna miguu ya kumkimbiza Getanuwas tena. Mimi ni mzee wa kanisa, sitafunga tena mtu kamba mbele ya washarika." Joakimu akazungusha kalamu, akatabasamu, akasema, "Haya, nyinyi ndio mnaokaa naye." Akaongeza. Alimwongezea dawa ya kunyamaza mtu aliyekuwa ameshanyamaza. Hakuniuliza. Hakusema hata, Paulina, nyoosha mkono nikuone. Baada ya hapo viungo vyangu vilikuwa kama vya mlango wenye kutu. Nilitembea mikono haiyumbi. Kuinuka kutoka kwenye kigoda ilikuwa ni safari ya kupanga, na mara nyingi nilipanga mpaka jua likahama upande.

Muda wa metimani ukaisha. Nilinyolewa, nikaogeshwa, nyumba ikafagiwa, kibuyu kikatupwa. Mama mkwe akanisogezea kigoda karibu na moto, akaniambia kwa furaha, "Haya, sasa umerudi kwa watu. Koroga huu uji." Nikautazama uji. Akasubiri kidogo, akanitazama, akaukoroga mwenyewe. Kesho yake hivyo hivyo. Kufika mwisho wa wiki kile kilichokuwa heshima kikageuka kuwa kiburi, kwa mtu yule yule, mwanamke yule yule kwenye kigoda kile kile. "Umezoea kuwekewa," akaniambia. "Unatufanya sisi vijakazi wako." Yustina alikuja kutoka Katesh kutusalimia, ana kilemba kipya, akasimama mlangoni akasema, "Malkia hajambo? Leo ameamka au tumletee ikulu yake hapa hapa?" Mama Bura hakucheka tena ng'ambo ya ua. Alimwambia mama mkwe kwa sauti ya chini, ila si chini ya kutosha, "Huyo si mgonjwa, huyo ni mvivu aliyepata kisingizio. Mgonjwa ungemwona anahangaika." Nilitaka sana kuhangaika. Hiyo ndiyo hamu moja niliyobakiwa nayo, ya kuhangaika wanione. Ni katika wiki zile ndipo sufuria ya makande ilipoanguka.

Baada ya mkono wa Agnesi hapakuwa na mjadala mrefu. Mtoto alitibiwa, na kutoka hospitali alipelekwa moja kwa moja Katesh kwa Yustina, ambaye hakuwa amejaliwa kuzaa. Mimi nilipelekwa stoo. Ilikuwa chumba cha nyuma chenye mahindi, mlango wa mbao, komeo kwa nje. Daudi alisema ni kwa usalama wangu, watu wana hasira. Sikugonga. Hilo pia walilisema baadaye kama ushahidi: hakugonga hata mara moja, mama gani huyo? Kulikuwa na tundu kwenye bati, na mwanga wake ulikuwa unatembea ukutani asubuhi mpaka jioni, ukubwa wa kikombe. Nilikuwa nautazama unapita kwenye gunia la kwanza, la pili, la tatu. Kule mbele nilisikia sahani, nilisikia sala ya chakula, nilisikia Daudi akimwambia mama yake, "Sasa nyumba imetulia." Na mwezi ule daftari linasema: Hasumbui, aendelee. Mtoto wangu ameungua mkono mzima, na Joakimu ndiye aliyemfunga bandeji ya kwanza, na kwenye daftari langu hakuna hata mstari.

Kilichonitoa ni bahati tu. Joakimu alikwenda masomoni. Daudi siku ya sindano alikuwa na mnunuzi wa mbaazi aliyekuja na lori, hakuweza kuondoka. Akanipeleka mama mkwe. Mezani tulimkuta muuguzi mgeni, mwanamke mfupi mwenye mtandio mweupe, mwenyeji wa Kondoa, alikuwa amesomea magonjwa ya akili. Alisema aitwe Sista Hawa. Mama mkwe akaanza wimbo wetu: anakula ukimwekea, analala, hasumbui. Sista Hawa akasema, "Asante mama, shikamoo tena, naomba unisubiri pale nje kidogo." Mama mkwe akashangaa, akatoka. Yule mwanamke akageuza kiti chake kikanielekea mimi. "Paulina, wewe mwenyewe unasemaje?" Halafu akanyamaza. Nataka mjue alinyamaza kiasi gani. Nje mtu alipita na toroli lenye gurudumu bovu, likaja, likapita, likapotea. Kuku aliingia, akatembea chini ya meza, akatoka. Hakutazama saa, hakurudia swali. Na jibu langu, ambalo siku zote lilikuwa linachelewa na kukuta watu wameondoka, safari hii lilifika likamkuta mtu bado amekaa. Nikasema, "Nilimwona mtoto. Sikuweza." Akaandika. Alipomaliza kuandika akasema, "Nakuamini." Machozi hayakuja. Yalikuja baada ya mwaka mmoja, nikiwa napepeta mtama.

Alinikunja mkono kwenye kiwiko, ukaenda kwa kukwama-kwama. Aliniambia nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Aliniuliza kama wale wanaume wapo, nikatikisa kichwa. Aliniuliza kama namlilia yule mtoto mchanga, kama nakosa tumaini, kama nimewahi kutaka kufa, akangoja kila jibu. Halafu akamwita mama mkwe, akamkalisha karibu yangu. "Mama, ugonjwa huu unaleta na unaondoa. Zile sauti, kule kukimbia, hivyo ni vilivyoletwa, kila mtu anaviona. Lakini unaondoa pia. Unaondoa maneno, hamu, kuoga, kucheka, unaondoa hata uso wa mtu. Hivyo havivunji sahani, kwa hiyo hakuna anayekuja kusema." Mama mkwe akasema, "Sisi tulifikiri anamheshimu marehemu." "Na heshima ilipokwisha?" Mama mkwe akashika ncha ya khanga yake. "Tulifikiri ni kiburi." Sista Hawa hakumgombeza. Alisema sehemu moja ni ugonjwa, sehemu nyingine ni sindano iliyozidi, na sehemu nyingine ni kukaa peke yake, kwa kuwa hata mzima ukimfungia na mahindi atakauka. "Tutapunguza sindano polepole, tuone kipi ni kipi. Sauti zikirudi, hata kidogo, mniletee siku hiyo hiyo. Na komeo la mlango liondoke leo."

Hakuna dawa ya kurudisha hamu, alituambia wazi, hamu inaitwa kwa kazi ndogo. Kitu kimoja kila siku, saa ile ile, pamoja na mtu. Amri iwe moja na fupi, halafu ungoje. Usimfanyie, usimkaripie, usimwite mvivu. Mama mkwe akauliza, "Ningoje mpaka lini?" Yeye hakuwa na saa. Sista Hawa akamwambia, "Wewe mama unasali. Sali Baba Yetu yote, kimya kimya, mpaka amina. Kama bado, sali tena." Basi ndivyo tulivyoishi. Asubuhi anakaa mbele yangu na ungo wa maharage, anasema, "Paulina, tuchague," na naiona midomo yake inakwenda, utupe leo riziki yetu, na mimi ndani natafuta mkono wangu. Siku ya kwanza nilichagua kiganja kimoja. Siku nyingine hata punje sikugusa, na alisali mpaka akasinzia. Sindano ilipopungua mate yalikauka, mikono ikaanza kuyumba nikitembea. Mara moja sauti zilirudi kwa mbali, tukaenda siku hiyo hiyo, akarekebisha. Miezi ikapita hivyo. Halafu kuna asubuhi maharage yalikuwa yameanikwa kwenye mkeka uani, kuku akapanda juu yake akaanza kuchakura, na mimi kutoka kwenye kigoda nikasema, "Shii! Toka!" kwa sauti ya mtu kabisa. Kuku akaruka. Mama mkwe akaangusha ungo. Alikuja mbio akinikumbatia, analia na kucheka, akimwita Mama Bura aje asikie. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja. Kwa kuku niliweza. Walikuwa wanaweza kunirudisha, njia ilikuwepo, ilikuwa ni kuuliza na kungoja, na walinirudisha kwa wakati wa kuku na si kwa wakati wa mwanangu.

Tulikwenda Katesh kumchukua Agnesi, mimi na mama mkwe, nimeoga, nimevaa kitenge. Sista Hawa alikuwa ameandika barua ya kueleza ugonjwa wangu na kwamba mtoto aanze kuja kidogo kidogo. Daudi, aliyekuwa ametutangulia pale kwa Yustina, aliichukua, akaikunja bila kuisoma, akaiweka ndani ya Biblia yake. "Hizo ni karatasi za manesi. Mtoto hawezi kurudi kwa mtu aliyemtazama akiungua." Agnesi alijificha nyuma ya sketi ya Yustina. Nilitaka kusema mengi, na ni kweli maneno yangu bado yalikuwa yanachelewa. Daudi hakusali Baba Yetu. Alinitazama kama pumzi mbili, akasema, "Mnaona? Hata mtoto hamtaki," akafunga geti. Emanueli alifia machimboni bila kurudi, na asiye na mume kwa wakwe ana kauli gani? Agnesi alikua kule. Yustina alimlea vizuri, simlaumu sana, alimtaka mtoto na mtoto aliletwa mlangoni pake.

Mama mkwe Magdalena alifariki mwaka juzi. Kabla hajafa aliniita kitandani, akaniambia mbele ya watu, "Nilikukalisha kwenye kigoda nikidhani ni heshima. Nilikuita kiburi. Niliweka komeo kwa mkono wangu huu. Nilikosa, Paulina." Nilichelewa kujibu, kama kawaida yangu, na alingoja, midomo inatembea. Nikamwambia nimesamehe. Katika watu wote wa mwaka ule ni yeye peke yake aliyejibu, na hakuwa amesoma hata darasa moja.

Agnesi, mwanangu, jibu langu ni hili: nilikuona, na sikuweza, na kulikuwa na watu wawili ambao kazi yao ilikuwa kujua kwamba siwezi. Mengine si yangu kuyajibu. Shemeji Daudi, barua bado imo kwenye Biblia yako, ifungue. Mwambie mtoto ni nani aliyesema dawa iongezwe, na aliogopa nini, miguu yangu au macho ya washarika. Mwambie ulimbeba nani. Na wewe Joakimu, ulikula keki yake, ukanishika bega ukacheka. Daftari ninalo. Lina kurasa kumi na mbili na neno moja, kwa mwandiko wako. Nitalileta dukani kwako mchana, wateja wakiwepo, nitaliweka juu ya kaunta, nitakaa kwenye benchi nikuulize swali ambalo hukuniuliza, na nitangoja. Najua kungoja. Miaka ile uliandika sisumbui. Sasa nasumbua. Jibu.